Barua za wasomaji: makala ya mtandaoni na simu ya msomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: nimeandika makala, nimeiweka mtandaoni, mbona haisomwi, au inasomwa nusu tu? Tumechagua nane. Mifano mingi tumeitoa kwenye makala moja kuhusu chanjo ya kuku, ambayo mwandishi wa barua ya kwanza ametupa ruhusa ya kuipasua.

SWALI: Ndugu wahariri, ninafuga kuku wa kienyeji na nimeanza kuandika makala za ufugaji. Niliandika moja ndefu kuhusu ugonjwa wa kideri. Watu wanaifungua, lakini takwimu zinaonyesha kwamba wengi huondoka kabla ya nusu dakika. Kosa liko wapi? – Mfugaji, Kibaha

JIBU: Chanjo, ambayo ndiyo aliyoifuata msomaji wako, inatokea aya ya sita. Aya ya kwanza inasema kuku ni ndege afugwaye na watu wengi. Ya pili inasifu mayai. Ya tatu inazungumzia uchumi wa taifa. Mtu ambaye kuku wa jirani yake wameanza kufa hana haja ya kuambiwa kuwa kuku ni ndege. Ameshika simu, bando lake ni la kuhesabu, na anataka kujua afanye nini leo kabla jua halijazama.

Anza na jibu. Aya yako ya kwanza ingeweza kuwa hivi:

"Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hakina tiba; kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanja kuku wazima tu, asubuhi na mapema au jioni, wakiwa bandani."

Hata akiishia hapo, ameondoka na kitu cha kufanyia kazi. Anayeendelea mpe hatua: namna ya kutunza chupa kwenye ubaridi na mbali na jua kutoka dukani hadi bandani, namna ya kumshika kuku na kusubiri tone lienee jichoni kabla ya kumwachia, namna ya kuandika tarehe ya chanjo ijayo kwenye kalenda. Halafu makosa, kwa sababu hapo ndipo makala za ufugaji huwa nyepesi mno: chupa iliyokaa juani, kuku waliochanjwa wakiwa tayari wana ugonjwa, vifaranga vilivyoanguliwa baada ya chanjo iliyopita na kusahauliwa. Kwa kila kosa eleza sababu. Ukisema tu "usiweke juani", msomaji ataona ni sharti kama masharti mengine. Ukimwambia kwamba ndani ya chupa mna virusi hai waliopunguzwa makali, na kwamba joto likiwaua atakuwa anadondosha maji matupu jichoni, hatasahau.

Historia ya ugonjwa na umuhimu wa ufugaji viende mwisho, au viondoke kabisa.

Kuna njia ya kuipata aya ya kwanza bila kuumiza kichwa. Andika makala yote upendavyo, kisha jiulize: mtu akinipigia simu salio likiwa linaisha, nimebakiwa na sekunde 20, nitamwambia nini? Andika maneno hayohayo. Mara nyingi utayakuta tayari umeyaandika, yamejificha aya ya nne au ya tano. Yapandishe juu, na yaliyokuwa yametangulia uyafute.

SWALI: Wapo wanaosema kichwa cha makala kiwe cha kuvutia, na wapo wanaosema kiwe na maneno ambayo watu huyatafuta. Nimfuate nani? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

JIBU: Mfuate msomaji. Anayetafuta dawa ya kuku haandiki "siri 10 za ufugaji zitakazokushangaza". Anaandika "kuku wanakufa", "dawa ya kideri", "chanjo ya kuku bei gani".

Hesabu herufi, usihesabu maneno. Kwenye matokeo ya utafutaji, kichwa hukatwa kikizidi takriban herufi 60. Ushauri wa "maneno kumi hadi kumi na mawili" umetoka kwenye lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, hivyo "usiyoyajua" peke yake imekula herufi 10 na haijasema chochote kuhusu kuku. "Chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji: tone moja jichoni" ina herufi 56 pamoja na nafasi, na imeshataja ugonjwa, mnyama na njia. Nomino yenye uzito ikae mwanzoni, ili kichwa kikikatwa, kinachopotea kiwe mkia.

Sasa majina. Kitu kimoja kina majina kadhaa kwa wasemaji wa Kiswahili, na hapa ndipo mwandishi mwenye sikio huwapita wengine. Anayesema karanga Dodoma husikia njugu akifika Nairobi. Giligilani ya Tanzania huitwa dania Kenya. Viazi mviringo huitwa mbatata pwani na Visiwani, na waru na Wakenya wengi. Kichwani weka jina linalotumiwa na wasomaji uliowakusudia. Majina mengine yapitie aya ya kwanza, kama "mdondo" ilivyopita hapo juu. Fanya vivyo hivyo kwa umoja na wingi. Usitegemee kwamba mtambo wa kutafutia utajua kuwa jino na meno, au ukucha na kucha, ni kitu kimoja. Tumia yote mawili panapofaa, bila kulazimisha.

Ili kujua watu wanatafuta nini, andika neno moja kwenye kisanduku cha utafutaji, usibonyeze kitu, na usome mapendekezo yanayoshuka. Njia nzuri zaidi ni kusimama kwenye duka la pembejeo na kusikiliza wateja. Utasikia "naomba dawa ya kideri", ingawa dawa hiyo haipo. Usimsahihishe msomaji kwa kuliepuka neno lake. Weka kichwa kidogo ndani ya makala, "Je, kuna dawa ya kideri?", na ujibu: hapana, na sababu ni hii.

Anwani ya ukurasa iwe fupi, yenye vistari kati ya maneno: chanjo-kideri-kuku. Usiweke tarehe wala alama ya ng'. Kwenye anwani andika "ngombe". Alama hiyo hugeuka mlolongo wa asilimia na tarakimu, na kiungo kikitumwa WhatsApp huonekana kama cha matapeli.

SWALI: Ninatafsiri makala za Kiingereza kwa programu ya kutafsiri, kisha ninarekebisha. Rafiki zangu wanasema "hainogi" lakini hawanionyeshi kosa. – Kijana, Eldoret

JIBU: Hawakuonyeshi kwa sababu kila sentensi peke yake inapita. Kilichoharibika ni mwendo. Chukua hii: "Ni muhimu kukumbuka kwamba chanjo inapaswa kuchukua nafasi katika masaa ya asubuhi." Hakuna neno lisilo la Kiswahili hapo, lakini hakuna Mswahili anayesema hivyo. Kuchukua nafasi ni kukalia mahali pa mwingine. "Ni muhimu kukumbuka kwamba" haina kazi. Anayetakiwa kuchanja hatajwi. Mfugaji angemwambia mwenzake: "Chanja asubuhi, jua halijakuwa kali."

Zipo dalili za kuwinda. "Aidha" ikitumika kwa maana ya "ama", ilhali kwetu ni "vilevile, zaidi ya hayo". "Mwisho wa siku" pasipo siku yoyote inayoisha. Mnyororo wa "ambayo… ambao… ambacho" pale ambapo "iliyo", "waliokuja", "kilichobaki" zingetosha. "Inafanywa na", "inatolewa na" kila mstari, wakati Kiswahili hupenda mtenda atangulie. Na upatanisho unaopotea sentensi ikirefuka: inaanza na "vifaranga" na kuishia "wanapaswa kupewa", kisha "yanahitaji joto". Programu hupotea njiani. Jicho lako nalo huchoka likarukia.

Kurekebisha tafsiri ya namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kuandika upya, na matokeo yake ni hafifu. Fanya hivi: soma makala ya chanzo mara mbili, andika hoja kwenye karatasi kwa Kiswahili, maneno mawili matatu kwa kila hoja, kisha funga chanzo. Simulia kwa sauti, ukirekodi kwa simu kama unamweleza shangazi aliye kijijini. Andika ulichosema. Mwishowe fungua chanzo tena kwa ajili ya kitu kimoja tu: kuhakiki tarakimu, majina na vipimo. Na uyataje makala na mwandishi uliyemsoma, kwa maana kubadili lugha hakukufanyi wewe kuwa mwenye kazi.

SWALI: Nilitangaza semina ya mtandaoni "saa 2 usiku". Waliotoka Kigali walichelewa kwa saa nzima, na mmoja aliye Ujerumani aliingia usiku wa manane. Niandikeje saa na vipimo? – Mwandaaji wa semina za kilimo, Arusha

JIBU: Andika saa mara mbili: "saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki". Si kila asomaye Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, hasa waliokulia ughaibuni. Halafu taja miji. Ikiwa Arusha, Nairobi na Kampala ni saa 2:00 usiku, basi Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa 1:00 usiku, na Muscat ni saa 3:00 usiku. Ulaya hubadili saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakikisha upya kila tangazo badala ya kunakili la mwezi uliopita. Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi. 3/7 kwa Mmarekani ni Machi 7.

Vipimo ndivyo vinavyotutia hofu zaidi, kwa sababu hapo kosa la mwandishi hufika shambani na tumboni mwa watu. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90. Tanzania wengi huhesabu kilo 100. Na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, huzidi hapo bila mtu kujua kwa kiasi gani. Andika kilo, na gunia liwe maelezo ya pembeni. Hekta moja ni ekari 2.47, hivyo mavuno "ya eneo moja" bila kutaja kipimo hayana maana. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. "Kizibo" si kipimo; kila kampuni ina kizibo chake.

Mfano mbaya kuliko yote ni "weka mililita 40 kwa bomba". Bomba lipi la kunyunyizia dawa? Kama lebo imesema mililita 40 kwa lita 20 za maji, mwenye bomba la lita 15 anatakiwa kuweka 30. Akiweka 40 amezidisha dawa kwa theluthi moja, na mboga hizo zitaliwa. Andika kwa lita, yaani mililita 2 kwa kila lita ya maji, kisha toa hesabu ya bomba la lita 15 na la lita 20. Na siku zote mwelekeze msomaji kwenye lebo ya chupa aliyoishika, maana dawa yenye jina linalofanana huenda ina nguvu tofauti.

Nukta na mkato navyo huchanganya. Tanzania na Kenya 1,500 ni elfu moja na mia tano; kwa msomaji wa Kongo au Burundi aliyesoma kwa Kifaransa, mkato huo ni wa desimali. Kama una wasomaji huko, andika "elfu 1 na 500", au acha nafasi: 1 500.

Shilingi nazo zina nchi. TSh, KSh na USh zinatofautiana mno kuachwa ziitwe "shilingi" tu.

SWALI: Shikamooni. Je, kuna programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ninayoweza kuitegemea? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba. Kibodi ya Gboard na programu kadhaa za uandishi zina Kiswahili, na zitakamata "hablai". Hazitakamata neno sahihi lililokaa pasipo pake. Wanaochanganya r na l wajihadhari na jozi hizi: mahali na mahari, kura na kula, fahali na fahari. "Mahari pa kukutania" itapita kwenye programu yoyote, na msomaji ataanza kufikiria harusi. Andaa orodha ya makosa yako mwenyewe, maneno 15 hivi, na kabla ya kuchapisha yatafute moja moja kwa kitufe cha kutafuta. Humo tia pia yale ya kuunganisha na kutenganisha: kwa sababu, kwa hiyo, kwa kuwa huandikwa mbalimbali, ijapokuwa na isipokuwa huandikwa pamoja, na ni "aliye", "atakaye", si "alie", "atakae".

Zima usahihishaji wa moja kwa moja wa Kiingereza unapoandika kwa simu. Hugeuza maneno yako kimyakimya.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Ninaandika elimu ya afya na nina picha za vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Uso hauonekani. Naweza kuzitumia? – Muuguzi, Mombasa

JIBU: Bila ridhaa ya mgonjwa, hapana. Kovu, chale, pete, rangi ya shuka za wodi, tarehe: mtaani watu hutambuana kwa mambo hayo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote huzipa taarifa za afya uzito wa pekee. Ridhaa iwe ya maandishi, itaje kwamba picha itawekwa mtandaoni na kwamba huenda ikasambazwa, na iombwe wakati ambao mgonjwa hategemei huduma yako papo hapo, ili aweze kukataa. Kituo chako nacho kina utaratibu wake, uulize kwanza. Mchoro wa mguu wenye mishale unafundisha vizuri, pengine kuliko picha, kwa sababu unaonyesha tu kile unachotaka kionekane.

SWALI: Makala zangu za mapishi zina picha nzuri nilizopiga kwa simu, lakini watu wanalalamika kuwa ukurasa haufunguki. Na nikituma kiungo WhatsApp, picha haitokei. – Mpishi, Unguja

JIBU: Dada, picha moja ya simu ya siku hizi ina uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Ukiweka sita za megabaiti 4, unamtaka msomaji alipie megabaiti 24 ili aone namna ya kupika mkate wa kumimina. Punguza upana uwe pikseli 1,200, hifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80 au kwa WebP, na picha itashuka kwenye kilobaiti 100 hadi 200 bila jicho kuona tofauti kwenye simu. Sita za kilobaiti 120 ni 720 tu. Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Kupunguza upana kwanza ndiko kunakookoa zaidi. Wengi hushusha ubora pekee, picha ikaharibika na bado ikawa nzito.

Picha inayotokea pamoja na kiungo huwekwa mahali pake kwenye mipangilio ya ukurasa, na kipimo kinachozoeleka ni pikseli 1,200 kwa 630. Ikiwa nzito mno, mara nyingi WhatsApp huonyesha maandishi matupu. Ukishaibadilisha, jaribu kwa kujitumia kiungo mwenyewe.

Usiandike vipimo vya unga na tui juu ya picha kama bango. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki, hayanakiliki, na kipofu anayesomewa na simu yake hatayasikia. Viungo vya pishi viandikwe kama maandishi, na kila picha ipewe maelezo yake: "Unga wa mchele uliochachuka, una mapovu juu" ni maelezo, "picha 3" si maelezo. Hapo pia unamwonyesha mpishi mgeni dalili ya kutazamia.

Picha uliyoikuta kwa kutafuta Google si ya bure kwa kuwa imeonekana. Kama huna yako, tafuta kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha zenye leseni huru, na chini ya picha andika jina la mpigapicha, mahali ulipoitoa na leseni yake, kwa mfano CC BY-SA 4.0.

SWALI: Makala yangu ya bei za vifaa vya ujenzi ina miaka miwili na bado inasomwa sana. Niifute na kuandika mpya? – Fundi, Mwanza

JIBU: Usiifute, na usibadili anwani yake, kwani waliokwisha kutumiwa kiungo kwenye vikundi wataangukia ukurasa mtupu. Rekebisha ndani. Kila bei ipewe mwezi, mwaka na mji: "Mfuko wa saruji wa kilo 50, Mwanza, Machi 2025". Maneno kama "kwa sasa", "hivi karibuni" na "mwaka huu" yaondoe yote, kwani msomaji hajui "sasa" ya nani.

Tenganisha yanayobadilika na yasiyobadilika. Uwiano wa zege na idadi ya matofali kwa mita ya mraba havifuati soko; bei hufuata. Ziweke bei zote kwenye jedwali moja, ili kila baada ya miezi mitatu uguse mahali pamoja. Chini ya kichwa andika tarehe ya kwanza na ya marekebisho ya mwisho.

Kama ulikosea kipimo, si bei, usirekebishe kimya. Kuna mtu alishanakili. Weka juu kabisa, kwa siku 30 angalau, kisha hamishia chini ya makala: "Sahihisho: hapa tuliandika ndoo 3 za mchanga kwa mfuko, sahihi ni 4. Aliyechanganya kwa kipimo cha mwanzo asome sehemu ya pili." Na hiyo sehemu ya pili iwepo kweli, imweleze afanye nini sasa.